Tundu la Milimita 34

Desemba 2024 watu wa shirikisho linalotunga kanuni za mbio za magari duniani walikuja Kigali kufanya mkutano wao mkuu, mara ya kwanza kuufanyia barani Afrika. Walikaa siku chache, wakatuza mabingwa wa msimu, na humohumo Rais Paul Kagame akatangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa Grand Prix ya Formula 1, mashindano ambayo bara hili halijayaona tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Sisi wa Kacyiru tuliuchukulia mkutano huo kama tunavyochukulia mingine: misafara inapita, barabara inasimama kidogo, kisha kila mtu anaendelea na safari yake. Tumezoea. Kacyiru ni kilima cha ofisi. Urugwiro, ofisi ya Rais, iko hapa. Makao makuu ya polisi yako hapa. Wizara na balozi nazo ziko hapa. Mtu akiuliza kilima hiki kinazalisha nini, jibu la haki ni kwamba kinazalisha kanuni.

Miezi miwili baadaye, Februari 2025, rais wa shirikisho hilo, Mohammed Ben Sulayem, ambaye mwenyewe ni dereva wa zamani wa rali na bingwa wa Mashariki ya Kati mara 14, alisema hadharani kwamba ipo haja ya kufikiria kuirudisha ngurumo ya V10, safari hii ikinywa mafuta yasiyochimbwa kisimani. Aprili wenye viwanda wakakutana Bahrain na kukubaliana kubaki na injini za 2026 kama zilivyopangwa: V6 yenye turbo, na karibu nusu ya nguvu ikitoka kwenye umeme. Wazo halikufa, lilihamia kwenye V8 na kusogezwa mbele kwa miaka kadhaa. Mimi lililonikaa kichwani ni lile la mwanzo. Mlinzi wa kitabu cha kanuni anaitamani sauti ambayo kitabu hichohicho ndicho kilichoizima.

Na ndicho kilichoizaa pia. Hili wapenzi wa V10 hawalisemi sana. Injini hiyo haikuota yenyewe porini. Mwisho wa msimu wa 1988 turbo zilipigwa marufuku kwenye Formula 1, na mwaka uliofuata Honda na Renault wakaja na silinda kumi zinazovuta hewa zenyewe, lita tatu na nusu. Ayrton Senna na Roland Ratzenberger walipokufa Imola mwaka 1994, moja ya majibu ya watunga kanuni lilikuwa kupunguza ujazo. Kuanzia 1995 ikawa lita tatu. Mhandisi aliyenyimwa turbo na kupunguziwa ujazo amebakiwa na njia moja ya kupata nguvu: kuizungusha injini upesi zaidi. Wakaizungusha. Kufikia mwaka 2005 mizunguko ilikuwa imepita 18,000 na kuelekea 19,000 kwa dakika, na mluzi ambao leo watu wazima wanaulilia ulikuwa ni jasho la wahandisi waliobanwa pande mbili.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kuifanya. Injini ya mapigo manne huwasha kila silinda mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo V10 huwaka mara tano kila mzunguko. Mizunguko 18,000 kwa dakika ni 300 kwa sekunde. Mara tano ni milipuko 1,500 kwa sekunde, na hiyo ndiyo noti unayoisikia: iko juu kuliko noti ya juu ambayo wanakwaya wengi wa sauti ya kwanza wanaweza kuifikia. V6 iliyoingia 2014 iliruhusiwa mizunguko 15,000, lakini kanuni nyingine ilisema mafuta yasizidi kilo 100 kwa saa, na kiwango hicho hakikuongezeka tena mizunguko ilipopita 10,500. Basi hapakuwa na sababu ya kuihangaisha. Ilizunguka kwenye 12,000 hivi, ikawaka mara tatu kila mzunguko, na noti ikashuka hadi 600. Turbo nayo ilikula nguvu iliyomo kwenye moshi kabla haujatoka nje. Mashabiki walipigwa na butwaa msimu ulipoanza Melbourne. Mei mwaka huo Mercedes walijaribu bomba la moshi lenye mdomo wa tarumbeta, kitu cha kuchekesha kukitazama, na halikusaidia kitu. Mwaka 2016 kanuni ikabadilishwa tena ili moshi unaopita kando ya turbo uwe na mabomba yake, madhumuni yakiwa ni kuongeza kelele tu. Fikiria karani anayekaa ofisini na kuandika kifungu cha sheria ili chombo kipige kelele zaidi. Hapa Kacyiru angeulizwa kama ana afya.

Lakini Formula 1 kwetu ni habari ya kwenye televisheni. Injini za mashindano zilizolelewa katika udongo wetu ni za rali, na huku ndiko kanuni na sauti zilikoshikana hata huwezi kuzitenganisha.

Kila mwaka Mountain Gorilla Rally, inayohesabiwa kwenye ubingwa wa Afrika, huleta magari kutoka Kenya, Uganda, Burundi na kwingineko, na hatua zake nyingi zimekimbiwa Bugesera, kusini mwa mji, kwenye barabara nyekundu za vumbi zinazopita katikati ya mashamba. Ipo pia rali ya Huye, ambayo wengi huiita Memorial Gakwaya, kumbukumbu ya dereva Claude Gakwaya. Ukiwa Kigali wiki ya mashindano, magari hayo huyasikii yakikimbia, unayasikia yakitembea. Subaru Impreza ya rali ikiwa kwenye foleni chini ya Kimicanga, ikipanda taratibu nyuma ya daladala kuelekea Kacyiru, haina raha hata kidogo. Inakohoa, inatetemeka, inasita. Halafu dereva anaachia pedali na kunatokea mpasuko, paa, paa, na mlinzi wa lango anageuza shingo kwa haraka.

Mpasuko huo una anwani, na anwani yake ni tundu.

Kanuni za rali zinataka kila injini yenye turbo ivutie hewa yake yote kupitia ringi yenye kipenyo maalumu, ambayo mafundi wa rali huiita ristrikta. Kwa magari ya Kundi A, tangu 1995, kipenyo hicho kilikuwa milimita 34. Kabla ya hapo kilikuwa 38. Magari ya Kundi N, yale yanayokaribiana na gari la dukani, yalipewa dogo zaidi. Milimita 34 ni pana kidogo kuliko sarafu. Hewa ikivutwa kwa nguvu katika tundu hilo huongeza mwendo mpaka ifikie mwendo wa sauti, na hapo hukwama: hata uifanyie injini nini, hewa zaidi haipiti. Kwa hiyo kukanyaga hadi mizunguko 8,000 ni kupoteza petroli. Nguvu yote inapatikana chini, kwenye elfu tatu, nne, tano, na ndiyo maana Impreza au Lancer ya rali inanguruma kwa sauti nzito wakati gari la saketi linapiga mluzi. Tundu ndilo lililochagua noti.

Mpasuko ni mtoto wa pili wa tundu hilo. Dereva akiachia mafuta kwenye kona, turbo hupoa na kupunguza kasi, na kuiamsha tena kunachukua muda ambao rali haina. Wahandisi wakabuni njia ya kuchelewesha cheche na kuruhusu petroli na hewa vikaungulie ndani ya bomba la moshi, kabla ya turbo, ili iendelee kuzunguka hata mguu ukiwa umeinuliwa. Huo moto ndio unaousikia. Ni njia katili: turbo inaungua, bomba linakuwa jekundu, na maisha ya vyuma yanahesabiwa kwa kilomita chache. Gari lisilobanwa hewa halihitaji mateso hayo kwa kiwango hicho.

Kuhusu tundu hili kuna kisa ambacho kila mpenzi wa rali anapaswa kukijua, na kwangu ni kisa kizuri kuliko ushindi mwingi. Mwaka 1995, kwenye rali ya Catalunya, wakaguzi waliifungua Toyota Celica na kukuta ringi halali kabisa, milimita 34, imekaa mahali pake. Isipokuwa ilikaa mahali pake pale tu mtu alipoifungua. Mpira wa hewa ulipofungwa kwa chombo maalumu cha timu, springi za ndani zilisukumwa na ringi ikasogea nyuma milimita chache, ikaacha njia ya pembeni ambayo hewa ilipita bila kuulizwa. Ukilegeza mpira ili ukague, springi zinarudi na kila kitu kinajifunga kwa adabu. Max Mosley, aliyekuwa rais wa shirikisho, alikiri kwamba katika miaka yake yote ya mbio hakuwahi kuona ujanja uliotengenezwa kwa ustadi wa namna hiyo. Kisha timu ikanyang'anywa pointi zote na kufungiwa miezi kumi na miwili.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni heshima yake. Waliodanganya waliielewa kanuni kuliko wengi walioitii. Na hao ndio Toyota waliotawala Safari Rally: Celica yenye turbo, inayosukumwa na magurudumu mawili, ilishinda 1984, 1985 na 1986, Björn Waldegård mara mbili na Juha Kankkunen katikati. Ilikuwa enzi ya Kundi B, magari yaliyoachiwa karibu kila kitu. Kundi hilo lilifutwa mwisho wa 1986, baada ya Henri Toivonen na Sergio Cresto kuungua ndani ya Lancia yao huko Corsica mwezi wa Mei. Anayesema sauti za Kundi B hazina mfano anasema kweli, na aseme pia kwamba ilikuwa sauti ya kipindi ambacho kitabu kilisinzia.

Subaru ni hadithi nyingine, na sauti yake haikutoka kwenye kanuni. Ule mvumo wa kukatikakatika ambao kijana yeyote wa Nairobi, Kampala au Nyamirambo anautambua akiwa bado kitandani, umetokana na uvivu mdogo wa ufundi. Silinda zimelala mbilimbili kulia na kushoto, turbo imewekwa upande mmoja, na bomba la upande wa mbali likawa refu kuliko la karibu. Mapigo ya moshi yanafika kwa kupishana, mawili karibukaribu, kisha pengo. Wahandisi walipokuja kuyalinganisha mabomba, injini ilipumua vizuri zaidi na mvumo ukatoweka, na wateja wakalalamika. Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa nne kwenye Safari ya 1994 akiendesha Impreza ya Kundi N, na Colin McRae akashinda 1997 kwa Impreza. Nadhani nusu ya Impreza zilizoletwa kwa mitumba katika Afrika Mashariki zilinunuliwa kwa sababu ya bomba moja kuwa refu kuliko jingine.

Kuna kanuni ya tatu, ambayo haikuandikwa na mtu. Kacyiru iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina uzito pungufu kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Gari jipya halijali. Kompyuta yake inapima hewa na kupunguza petroli. Gari la zamani lenye karbureta halina habari. Linaendelea kumimina petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, na matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na milipuko midogo kwenye ekzosi kila unapoteremka kwa gia.

Ukishuka kutoka Kacyiru kwa njia ya Kinamba na kuipita Nyabugogo unafika Gatsata, na Gatsata ni gereji. Serikali imekuwa ikizihamisha gereji za bondeni kwa sababu ya ardhi oevu, lakini jina halijahama. Kiswahili ni lugha ya kazi huko, kile Kiswahili cha Kigali chenye Kongo na Biryogo ndani yake. Niliwahi kusimama karibu na fundi mmoja aliyekuwa na karbureta ya Weber juu ya gazeti. Alifungua jeti kwa bisibisi fupi, kipande cha shaba kidogo kuliko kifundo cha kidole, akakifuta kwa shati, akakielekeza juani na kuchungulia. Juu yake kulikuwa na namba 135, ambayo maana yake ni tundu la milimita 1.35. Akakiweka pembeni na kutafuta kwenye kopo la maziwa mpaka akapata 125.

"Muzee," akaniambia bila kuinua macho, "hii gari walitengenezea bahari. Huku tunaipunguzia chakula."

Akakifunga, akaliwasha gari, akalisikiliza. Hakutazama kipimo chochote, maana hapakuwa na kipimo. Alizungusha skrubu ya pembeni robo, akaisikia injini ikipanda kidogo, akarudisha kidogo, akaacha. Moshi ulikuwa umepungua. Alikuwa anafanya kwa sikio kile ambacho kanuni zinafanya kwa ringi: kupatanisha hewa na petroli. Mwenzake aliyekuwa chini ya Corolla alikuwa akitoa silensa ili bosi wake apate sauti ya rali. Nilimwuliza kama polisi hawamsumbui bosi huyo. Alicheka: "Wanamusumbua sana, muzee. Ndiyo maana anatupa kazi mara mbili. Leo tunatoa, siku ya kontrole tunarudisha."

Kontrole hiyo imekuwa kali zaidi. Mwaka 2025 mamlaka ya mazingira, REMA, iliongeza kipimo cha moshi katika ukaguzi wa magari, kikianzia kituo cha Ndera. Kamera za mwendo ambazo wananchi wamezibatiza Sofia ziko kila upande. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi Kigali mpaka iwe ya umeme; kampuni kama Ampersand zilikuwa zimeanza kuziingiza barabarani tangu 2019. Matokeo yake unayasikia ukitembea jioni kwenye mteremko wetu, au tuseme huyasikii: mota inakupita begani bila onyo, na unakumbuka kwamba masikio yalikuwa yanafanya kazi ya macho. Ulaya waliligundua hilo na kulitungia sheria: magari ya umeme yanalazimishwa kutoa sauti ya bandia yanapokwenda polepole, chini ya kilomita 20 kwa saa. Kwenye rali za vijijini sauti ilikuwa na kazi hiyohiyo. Safari ya zamani ilipita kwenye barabara za wazi, zenye mbuzi, baiskeli na watoto wa shule, na bonde zima lilijua gari linakuja kabla halijaonekana. Mzee aliyekuwa akiswaga ng'ombe upande wa pili wa kilima alikuwa na dakika mbili za kuwaondoa njiani.

Kwa hiyo sioni maana ya kuyapanga mambo haya kana kwamba upande mmoja kuna sauti na uhuru, upande mwingine kuna kanuni na ukimya. Magari ya zamani yanayoendelea kunguruma hadi leo yanafanya hivyo kwa sababu kuna karatasi zinazoyalinda. Mashindano ya kihistoria ya kimataifa yana kiambatisho chake cha kanuni, na gari linahitaji pasipoti ya kiufundi yenye picha na vipimo kuthibitisha kwamba karbureta ni ya kipindi chake na gia ni za kipindi chake. Ukiweka kompyuta ili gari liende vizuri zaidi, umefukuzwa. East African Safari Classic ilipoanzishwa 2003, miaka hamsini baada ya Safari ya kwanza ya 1953, ilikusudiwa magari ya miaka hiyo ya nyuma, na kwa sababu hiyo watu wa Taita na wa Kajiado wameweza kusikia tena silinda sita za Datsun 240Z, gari ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo 1971 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, 1973. Waldegård mwenyewe alirudi na kushinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, mwanawe Mathias akimsomea njia. Alikuwa amevuka miaka 65. Bila kanuni zinazokataza maendeleo, gari lile lingekuwa limeboreshwa mpaka likanyamaza.

Swali langu mimi ni jingine, na ni la mtu anayekaa kwenye kilima cha ofisi: sauti inaruhusiwa lini, wapi, na anayeisikia amehesabiwa?

Kigali inajua kupanga ukimya kuliko mji wowote ninaoujua. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi hiyo magari hayatembei. Unasikia jembe, fagio na maongezi ya jirani kutoka mtaa wa tatu. Tangu 2016 kuna Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa asubuhi watu wakakimbia na kutembea. Mwanzoni mwa 2018 makanisa yapatayo 700 yalifungwa mjini, mengi kwa ubovu wa majengo na uchafu, lakini kelele nazo zilitajwa. Machi mwaka huohuo misikiti ya Nyarugenge ikaambiwa izime vipaza sauti vya adhana. Nilikuwa na jirani aliyefurahi kulala na jirani aliyehuzunika kuamka kwa saa ya simu. Wote wawili walikuwa na hoja.

Sasa chukua hilo uliweke karibu na ndoto ya V10. Mahali palipotajwa kwa ajili ya saketi ni Bugesera, jirani na uwanja mpya wa ndege, na mchoraji anayetajwa ni Alexander Wurz, dereva wa zamani wa Formula 1. Sina ugomvi na ndoto hiyo. Napenda magari, na ningekwenda. Lakini siwezi kuiambia nafsi yangu kwamba adhana ni kelele na Ferrari ni utalii bila kusimama kidogo hapo katikati. Wenzetu wamewahi kusimama. Saketi ya Lime Rock, huko Connecticut, Marekani, ilishtakiwa na majirani, kukiwa na kanisa karibu na lango, na tangu amri ya mahakama ya 1959 mbio hazikimbizwi Jumapili. Zaidi ya miaka sitini. Magari yanakimbia Jumamosi, na Jumatatu wakati wa sikukuu. Jumapili waumini wanaimba na wenye magari ya zamani wanayapanga kando ya barabara ya saketi ili yatazamwe yakiwa yamezimwa. Saketi haikufa, wala kanisa.

Hata katika ziara ile ya Desemba 2024 kulikuwa na gari lililonivutia kuliko V10 zote. Max Verstappen alikuwa anatumikia adhabu ya shirikisho kwa neno chafu alilolitamka mbele ya waandishi Singapore, na adhabu yenyewe ilikuwa kazi ya manufaa ya umma: akapelekwa kwa vijana wa Rwanda Automobile Club, kwenye kigari cha vumbi kilichoundwa hapahapa Rwanda kwa kufuata michoro ya bure ya shirikisho. Mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kiti kimoja, gharama ndogo. Bingwa wa dunia mara nne akaonyeshwa weldingi ya Kigali kwa sababu ya kutukana. Wachomeleaji wa namna hiyo tunao tele. Gakiriro ya Gisozi, bonde moja tu kutoka kwetu, inalia nyundo kutwa nzima na hakuna aliyewahi kuiita urithi.

Nirudi kwenye kipimo, maana ndipo kanuni zinapokuwa za kweli au za maonyesho. Uingereza gari la rali hupimwa kwa kuweka kipaza sauti nusu mita kutoka mdomo wa bomba la moshi, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikizungushwa hadi 4,500, na haitakiwi kuzidi desibeli 100. Ni kipimo kizuri kwa kulinganisha gari na gari. Hakimwambii kitu mkulima. Sauti ikisambaa kwenye uwazi hupungua desibeli sita kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kutoka nusu mita hadi mita 512 umbali umeongezeka mara mbili kumi, kwa hiyo desibeli 60 zimepotea njiani. Gari la rali la desibeli 100 linamfikia mtu aliye nusu kilomita likiwa na 40, na hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Tukisema V10 inatoa 130 kwenye mdomo wa bomba, na nimesema kwa tahadhari, inafika na 70. Zikianza ishirini kwa pamoja, ongeza 13: zinakuwa 83, bila kuhesabu ukuta wa udongo au mikaratusi ambayo mchoraji mwenye busara ataipanda. Shirika la Afya Duniani, kwa watu wa Ulaya, lilipendekeza mwaka 2018 kwamba wastani wa kelele za barabara usizidi 53, na usiku 45.

Kutoka Bugesera hadi Kacyiru ni mbali kwa sauti yoyote ya injini. Vilima viko katikati, na kelele za mji wenyewe zinatosha kufunika kitakachobaki. Siku ya mashindano hapa tutasikia helikopta za wageni, basi. Atakayeandika kifungu cha saa za kuwasha na saa za kuzima, cha siku ngapi kwa mwaka na fidia ya nani, ataandikia kwenye kilima ambako injini hizo hazisikiki kabisa, na kabla hajaandika itambidi apande gari akakae huko Bugesera, jirani na saketi, na kipimo mkononi, msimu wa kiangazi, upepo ukitokea upande wa uwanja wa ndege.